Mashine Haitengenezi Mafuta

Barabara ya kutoka Manyoni kwenda Singida ni soko refu. Hapa wanauza kuku, mbele kidogo asali, na kila baada ya vijiji viwili vitatu unakuta meza ya miti imepangwa mafuta ya alizeti: chupa zilizowahi kuwa za maji ya kunywa, madumu ya lita tano, madumu ya lita ishirini. Likizo ya mwezi wa sita nilipita hapo na mpwa wangu, ambaye yuko darasa la nne na hajui kunyamaza ndani ya gari.

"Mjomba, haya mafuta wanayatengeneza wenyewe?"

"Hawayatengenezi."

"Yanatengenezwa kiwandani?"

"Wala kiwandani."

Akaniangalia kama mtu anayedhani anataniwa. Sikuwa natania. Singida mjini kuna mashine nyingi za kukamua, na viwanda vikubwa vipo, vyenye matangi marefu kuliko nyumba. Lakini hakuna hata kimoja kinachotengeneza mafuta. Aliyeyatengeneza ni mmea, kule shambani, na aliyamaliza kabla hajavunwa. Watu na mashine zao wana kazi moja tu, ya kuondoa kila kitu ambacho si mafuta. Ukilishika hilo, mengine yote yanakuwa mepesi.

Kama huamini, tafuta mbegu tano au sita za alizeti. Zimenye. Ganda lake ni kavu kama kijiti, halina kitu. Ndani kuna kiini cheupe, laini. Weka viini hivyo juu ya karatasi na uvikandamize kwa mgongo wa kijiko mpaka vipondeke. Pembeni yake dondosha tone moja la maji. Sasa una madoa mawili. Nenda kacheze. Ukirudi, doa la maji limekauka na kupotea, lakini lile la mbegu lipo palepale, na ukiinua karatasi juani, mwanga unapenya pale kama kwenye dirisha.

Hayo ndiyo mafuta, na umeyatoa bila kiwanda. Karatasi ni nyuzi ndogondogo zilizoshikana, na katikati ya nyuzi kuna vijitundu vyenye hewa. Mwanga ukigonga nyuzi, kisha hewa, kisha nyuzi tena, unatawanyika ovyo, ndiyo maana karatasi tunaiona nyeupe. Mafuta yakiingia yanajaza vile vijitundu, na mwanga unapata njia ya kupita moja kwa moja. Gazeti lililofungiwa maandazi unaweza kulisoma kurasa mbili kwa mpigo kwa sababu hiyohiyo. Mpwa wangu alifanya jaribio hili kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu. Mama yake hakulifurahia.

Mtoto aliyefungashiwa chakula

Kwa nini mmea ujisumbue kuweka mafuta ndani ya mbegu? Hautukaangii sisi chapati.

Mbegu ni mtoto aliyefungashiwa chakula cha safari. Ikishafukiwa haina jani wala mzizi, na kule chini ni giza. Siku za mwanzo lazima iishi kwa kile ilichowekewa na mama yake, mpaka ichomoze na kuanza kujitafutia. Mahindi huwekewa wanga mwingi. Maharage huwekewa wanga na protini. Alizeti, karanga, ufuta na pamba huwekewa mafuta kwa wingi, na mafuta ni mzigo mdogo wenye nguvu nyingi: gramu moja ya mafuta inabeba kalori 9, wakati gramu moja ya wanga inabeba 4. Kwa mbegu ndogo, hiyo ni hesabu nzuri.

Chakula hicho kinaanzia kwenye majani. Jani linachukua hewa ya kaboni dayoksaidi, linachukua maji yaliyopandishwa na mizizi, na kwa nguvu ya jua linatengeneza sukari. Sukari inasafiri kwenye shina hadi kichwani, na huko, mbegu zinapojaa, sehemu kubwa inageuzwa kuwa mafuta. Mbegu nzuri ya kukamuliwa ikikauka, uzito wake karibu asilimia 40 ni mafuta, na nyingine hupita hapo. Zile kubwa zenye mistari, zinazokaangwa na kutafunwa, zina ganda nene na mafuta kidogo. Zinazopendwa na wakamuaji ni ndogo, nyeusi, za ganda jembamba.

Tukiwa kwenye kichwa cha alizeti, kuna jambo moja ambalo watu wazima wengi hawalijui. Lile tunaloliita ua si ua moja. Ni mkutano. Yale majani ya njano ya pembeni, kila moja ni ua lisilozaa. Kazi yake ni kupiga mbiu ili nyuki waone. Katikati, penye rangi ya kahawia, kuna vijiua vidogo mamia kwa mamia, na kwenye kichwa kikubwa vinaweza kupita elfu moja. Kila kijiua kikichavushwa kinatoa mbegu moja. Havifunguki vyote siku moja: vinaanza vya pembeni, vinaingia ndani duara baada ya duara, kwa siku kadhaa, hivyo nyuki ana kazi ya wiki nzima. Ukipata kichwa kilichokomaa, fuata kwa kidole mistari ya mbegu inayojipinda kama konokono. Hesabu inayopinda kulia, kisha inayopinda kushoto. Mara nyingi utapata 34 upande mmoja na 55 upande mwingine. Mimi nilihesabu mara tatu nikichanganyikiwa kila mara; tumia wino kuweka alama.

Shuleni nilifundishwa kwamba alizeti hulifuata jua tangu asubuhi hadi jioni. Ni kweli nusu. Mmea mchanga, kabla haujachanua, ndio unaogeuka. Mchana upande wa mashariki wa shina unakua haraka kuliko wa magharibi, kwa hiyo kichwa kinasukumwa kuelekea magharibi. Usiku mambo yanabadilika na kichwa kinarudi. Ua likishafunguka mchezo unaisha, linatulia likitazama mashariki moja kwa moja. Mwaka 2016 watafiti wa California walichapisha walichokiona baada ya kugeuza vyungu vya alizeti vitazame magharibi: nyuki wa asubuhi walipungua sana. Ua linalotazama mashariki linapata joto mapema, na nyuki wanapenda ua lenye joto. Sasa unaelewa kwa nini kule Singida muuza mafuta na muuza asali wamekaa jirani.

Mgeni kutoka mbali

Alizeti haikuanzia hapa. Ni mmea wa Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa kule waliufuga kutoka porini miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, wakasaga mbegu zake kuwa unga, na mafuta waliyapata kwa kuchemsha mbegu zilizopondwa na kuyaengua yanapoelea. Kigoma wanaochemsha na kutwanga chikichi kupata mawese wangeielewa kazi hiyo bila mkalimani.

Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16, na kwa muda mrefu ilikuwa pambo la bustani. Warusi ndio walioigeuza kuwa mafuta ya biashara. Mwaka 1829, katika kijiji cha Alekseyevka, mtumwa wa shambani aliyeitwa Daniil Bokarev alikamua mafuta ya alizeti kwa mashine ya mkono, na miaka michache baadaye kijiji kikapata kinu. Karne iliyofuata, mtaalamu wa mbegu Vasily Pustovoit alitumia maisha yake yote kule Krasnodar kuchagua mbegu, msimu baada ya msimu, mpaka akapandisha mafuta kutoka kama theluthi ya uzito wa mbegu hadi karibu nusu. Hakuwa na mashine ya ajabu. Alipanda, akapima, akabakiza zilizo bora, akapanda tena.

Leo Urusi na Ukraine ndizo zinazoongoza duniani. Vita ilipopamba moto mwaka 2022, mafuta ya kula yalipanda bei mpaka kwenye vibanda vya Dar es Salaam na Nairobi, mahali ambapo hakuna aliyerusha hata jiwe.

Singida na Dodoma alizeti ilikubali kwa sababu ya mizizi. Kule mvua ni za msimu mmoja, na zinaweza kukatika bila kuaga. Mahindi yakikosa maji wiki mbili wakati wa kutoa mbelewele, yamekwisha. Alizeti ina mzizi mkuu unaoweza kuzama hadi mita mbili, unakwenda kutafuta maji ambayo mahindi hayafiki.

Safari ya kuondoa

Sasa fuata kazi yenyewe, na kila hatua jiulize: hapa kimeondolewa nini?

Miezi mitatu hadi minne baada ya kupanda, mgongo wa kichwa cha alizeti unageuka kutoka kijani kuwa njano, halafu kahawia. Kichwa kinainama. Wakulima wanakikata na kuliacha shina shambani. Vichwa vinaanikwa, kisha vinapurwa kwa fimbo juu ya turubai, mbegu zinamwagika na sponji la kichwa linatupwa au wanapewa ng'ombe. Halafu kupepeta. Bibi yangu alikuwa anasubiri upepo wa saa kumi jioni, anainua ungo juu ya kichwa, anamimina polepole; mbegu zinaanguka miguuni, makapi yanakwenda zake. Hapo shina limeondoka, kichwa kimeondoka, makapi yameondoka. Jua linaondoa unyevu. Mbegu ikiwekwa kwenye gunia ikiwa mbichi inapata joto na ukungu, na mafuta yake yanaanza kuharibika kabla hata hayajatoka.

Tulipofika mjini nilimpeleka mpwa wangu kwenye banda la kukamua la jamaa yangu mmoja. Kitu cha kwanza ni kelele. Cha pili ni harufu, kama karanga zinazokaangwa nyumba ya jirani. Mashine yenyewe si kubwa. Juu kuna bakuli la bati la kumiminia mbegu. Chini yake, ndani ya bomba, kuna skrubu nene ya chuma inayozunguka. Kama umewahi kuona buchani mashine ya kusaga nyama, umeshaiona nusu. Skrubu inazisukuma mbegu mbele, lakini nafasi inazidi kuwa finyu, na mwisho wa njia kuna mlango mwembamba sana. Mbegu hazina pa kwenda. Zinabanwa, zinasagika, zinapata joto kwa kusuguana, na mafuta yanatorokea kwenye nyufa nyembamba zilizoachwa kati ya vyuma vya lile bomba. Nyufa zinapitisha mafuta, hazipitishi mbegu. Kule mwisho yanatoka mabaki, bapa na makavu, yenye rangi ya kijivu iliyokolea, bado ya moto. Hayo ni mashudu.

Mmarekani Valerius Anderson ndiye aliyepata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya namna hii mwaka 1900. Kabla yake mafuta yalikamuliwa kwa mafungu: unajaza, unabana, unafungua, unatoa mashudu, unaanza upya. Yeye alitaka mbegu ziingie huku na mafuta yatoke kule bila kusimama. Kwa vijiji visivyo na umeme njia ya mafungu haikufa. Mwaka 1985 Mmarekani mwingine, Carl Bielenberg, alibuni hapahapa Tanzania mashine ya mkono yenye mpini mrefu, unayoweza kuikamulia nyumbani kwa nguvu ya mikono miwili.

"Mbona mafuta hayatoki?" mpwa wangu aliuliza, maana ilikuwa asubuhi na mashine ndiyo kwanza imewashwa. Fundi alikuwa anamimina mashudu ya jana badala ya mbegu. Alimweleza kwamba chuma bado ni baridi. Kinapaswa kupashwa moto kwanza, na mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakimbia. Baada ya muda tone la kwanza likatokeza, la pili, halafu uzi mwembamba. Mpwa wangu akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Morogoro.

Kwa mashine za aina hii, kilo tatu na nusu hadi nne za mbegu hutoa kama lita moja, kutegemea mbegu na fundi. Mafuta mengine yanabaki ndani ya mashudu, ndiyo maana wengi huyarudisha mara ya pili. Viwanda vikubwa vya nje huyaosha mashudu kwa kimiminika kiitwacho heksani, kinachoyeyusha mafuta yaliyobaki, kisha heksani yenyewe inafukizwa na kukusanywa itumike tena.

Lugha yetu imeibeba kazi hii kwa muda mrefu kuliko alizeti. Unasikia kila siku "usindikaji wa mazao", iwe maziwa, iwe embe. Kusindika, au kushindika kama walivyosema wazee wa pwani, ilikuwa ni kukamua: mafuta ya ufuta, maji ya miwa. Zanzibar palikuwa na vinu vya ufuta vilivyozungushwa na ngamia, anakwenda duara kutwa nzima pasipo kufika popote. Neno likatoka kwenye kinu kile likaingia ofisini.

Mafuta yanayonuka na yasiyonuka

Kinachotoka kwenye mashine kinaitwa mafuta ghafi. Ni meusimeusi, yana wingu na punje za mbegu. Mkamuaji mdogo anayaacha kwenye pipa siku kadhaa, mashapo yatue chini, kisha anachuja kwa kitambaa. Wengine huyachemsha na maji kidogo na chumvi ili uchafu ushikane na kushuka. Hayo ndiyo yaliyopangwa barabarani, na bado yana harufu ya alizeti.

Kiwanda kikubwa kinaendelea kuondoa. Kwanza mafuta yanachanganywa na maji ya moto, na vitu vyenye kunata kama ulimbo vinayafuata maji. Halafu inakuja kostiki soda, ambayo inakamata asidi zilizojitenga na mafuta na kuzigeuza kuwa sabuni. Sabuni hiyo inatenganishwa, na mara nyingi inaishia kwenye kiwanda cha sabuni kwelikweli. Udongo maalumu unanyonya rangi. Kisha mafuta yanapoozwa mpaka nta, iliyotoka kwenye maganda, igande na kuchujwa. Mwisho yanapitishiwa mvuke kwenye tangi lisilo na hewa, joto likipita nyuzi 200, na mvuke unaondoka na harufu. Kinachobaki ni angavu, hakina ladha, hakina harufu, na unaweza kukaangia samaki au keki bila kujua kilitoka kwenye mmea gani.

Mimi napenda yale yenye harufu, lakini nakiri kwamba hayo ni mapenzi ya mtu aliyekulia huko. Kwa kukaangia kwa moto mkali yaliyosafishwa ni bora, kwa sababu ghafi huanza kutoa moshi mapema. Kwa kuungia mchicha au kumwagia kwenye maharage, nipe ya barabarani.

Baada ya kuondoa yote hayo, kinakuja kitu kimoja cha kuongeza. Tanzania na Kenya zinataka mafuta ya kula ya viwandani yatiwe vitamini A, kwa sababu macho na kinga ya mwili vinaihitaji, na mafuta ni kitu kinachofika karibu kila jiko. Vitamini hiyo haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Kwa hiyo hata ile iliyomo kwenye karoti na mchicha mwili wako unaipokea vizuri zaidi mboga ikiwa na mafuta kidogo.

Jikoni

Mimina mafuta kwenye glasi ya maji. Yanaelea, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja na lita moja ya mafuta ni kama gramu 920. Koroga unavyotaka, ukiacha, yanarudi juu. Chembe za maji zinapenda kushikana zenyewe kwa zenyewe, na za mafuta hazina mkono wa kushikana nazo. Sabuni ina chembe zenye tabia mbili, upande mmoja unashika maji na upande mwingine unashika mafuta, na ndiyo maana sufuria ya pilau haitakati bila sabuni.

Sasa mtazame mtu mzima akikaanga maandazi, ukiwa umesimama mbali. Andazi likiingia, mafuta yanajaa mapovu. Watu husema mafuta yanachemka. Hayachemki. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mafuta ya kukaangia yako kwenye nyuzi 170 au 180, na bado hayajakaribia kuchemka. Yale mapovu ni maji yaliyokuwa ndani ya unga, yanageuka mvuke na kukimbia. Mvuke ukiwa unatoka kwa nguvu, mafuta hayapati nafasi ya kuingia sana. Mapovu yakipungua, andazi liko tayari, na likiachwa zaidi linaanza kunywa mafuta. Mafuta yakiwa ya baridi mno, mvuke ni dhaifu na andazi linayanywa tangu mwanzo. Mama ntilie anayerusha kipande cha unga kupima moto anafanya fizikia.

Hapo pia ndipo hatari ilipo. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, usimwage maji, kamwe. Maji ni mazito, yanazama chini ya mafuta, na kwa joto lile yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Unarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Wewe mtoto kimbia uite mtu mzima. Yeye afunike kwa mfuniko na kuzima jiko. Moto ukikosa hewa unakufa.

Swali ambalo mpwa wangu aliuliza kwa bibi yake, penye baridi ya asubuhi: kwa nini mafuta ya kupima ya Dar huganda na haya hayagandi? Ya kupima mara nyingi ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, kwani Tanzania haijafikia kukamua mafuta ya kuitosha. Fikiria chembe za mafuta kama kuni. Za mawese nyingi zimenyooka, unazipanga zikalaliana vizuri, mzigo unakuwa mgumu. Za alizeti nyingi zimepinda kama matawi ya mgunga. Hata ukizibana vipi haziwezi kupangika, na mafuta yanabaki maji hata kwenye friji. Ila ghafi yanaweza kupata wingu kidogo yakipoa. Hiyo ni ile nta ya maganda, usimwite muuzaji mwizi kwa sababu ya wingu tu.

Mwili wako unaihitaji aina mojawapo ya hizo zilizopinda, inayoitwa asidi ya linoleiki. Hauwezi kuitengeneza wenyewe, na kwenye mafuta ya kawaida ya alizeti ndiyo iliyo nyingi. Vitamini E nayo imo kwa wingi. Lakini kumbuka kalori 9 kwa gramu: kijiko kikubwa kimoja kina nguvu inayokaribia ya ndizi moja mbivu. Na lebo ikikuandikia "haina kolesteroli", ni kweli, ila mafuta ya mimea yote ni hivyo. Ni sawa na kuandika kwenye mfuko wa sembe kwamba hauna miiba ya samaki.

Ninawapenda wauzaji wa barabarani, lakini jua lile linanikera. Mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoharibu mafuta: vinayapa ladha kali na harufu ya rangi ya ukutani. Chupa iliyoshinda juani wiki mbili haifanani tena na iliyotoka bandani. Omba ya kwenye gunia, chini ya meza, na nyumbani uiweke kabatini, mfuniko umefungwa.

Mashudu je? Yana protini nyingi, kwa hiyo yanarudi kwa mifugo. Kwenye mabanda mengi mkamuaji hubaki nayo kama sehemu ya malipo yake, kisha anawauzia wafugaji wa kuku. Jioni ile kwa bibi tulikula mayai ya kuku waliolishwa mashudu, yamekaangwa kwa mafuta ya alizeti. Mpwa wangu alitafuna akifikiri, kisha akamwambia bibi yake kwamba mbegu imeingia kwenye kikaango kwa milango miwili.

Daftari la hesabu analo bado. Doa la zile mbegu halikukauka; limevuka ukurasa wa mwisho mpaka kwenye jalada, pale penye jedwali la kuzidisha, na saba mara nane sasa inasomeka kutoka upande wa ndani, imepinduka.